Mistari milioni 60 kwa nyumba tatu za Shela

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi natunza hesabu za nyumba tatu za wageni hapa Shela, Lamu. Tangu mwaka jana baadhi ya wageni na mawakala wao wanalipa kwa USDT (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola), wengine kwa etha, sarafu ya mtandao wa Ethereum. Nilijifundisha lugha ya programu ya Python kidogo, nikaandika skripti inayovuta uhamisho wote wa USDT kwenye Ethereum na kuuweka kwenye hifadhidata ya PostgreSQL ili niwe na kila kitu. Sasa jedwali limefika mistari milioni 60 hivi. Nikiuliza malipo ya anwani moja nangoja dakika tatu, nne. Niliweka faharasa kama nilivyoshauriwa, hakuna kilichobadilika. Pili, jumla zangu hazilingani na salio la pochi: nyumba mbili zimepungua, moja imezidi. Tatu, kuna malipo yameonekana mara mbili, bloku (fungu la miamala) mbili tofauti, na mgeni anaapa alilipa mara moja. Nimekuambatishia muundo wa jedwali na swali ninaloliuliza. Kompyuta yangu ni ya zamani, yenye diski ya kuzunguka. Ninunue kubwa zaidi, au blokucheni ndivyo ilivyo?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kompyuta usinunue. Nimefurahi ulivyoambatisha muundo wa jedwali, maana watu huniletea malalamiko matupu wakataka nibashiri. Kwako sina haja ya kubashiri. Matatizo yote matatu yamo ndani ya ile mistari kumi uliyonitumia.

Nianze na swali lako la mwisho, kama blokucheni ndivyo ilivyo. Ndivyo ilivyo, na kuna sababu.

Mjomba wangu alikuwa karani kwenye bohari la boriti pale Amu. Daftari lake aliliandika kwa jinsi majahazi yalivyotia nanga: leo jahazi fulani, korija kadhaa za boriti (korija moja ni miti ishirini), korija kadhaa za mazio, miti iliyo myembamba zaidi, kesho jingine. Ukimuuliza Jumatatu iliyopita kuliingia nini, alifungua ukurasa mmoja akakujibu. Ukimuuliza nahodha fulani ameleta korija ngapi tangu kaskazi ianze, alivua miwani, akaifuta taratibu, akakutazama kama umemtukania mama yake, kwa sababu ilimbidi apitie kurasa zote. Baadaye akaanzisha daftari la pili, dogo, lenye majina ya manahodha kwa mpangilio wa herufi, na mbele ya kila jina namba za kurasa tu. Daftari lile halikuwa na habari hata moja mpya. Lilimwongezea kazi kila jahazi lilipoingia, lakini siku ya kuulizwa alikuwa mfalme.

Blokucheni, yaani daftari la pamoja la miamala linaloandikwa bloku baada ya bloku, ni daftari la kwanza. Bitcoin, ambayo bloku yake ya mwanzo ni ya tarehe 3 Januari 2009, huongeza bloku moja kila dakika 10 hivi, na programu ya Bitcoin Core huzipanga kwenye mafaili kwa kufuatana. Kinachowekwa tayari kwa kusomwa haraka ni orodha ya sarafu ambazo hazijatumiwa, kwa kuwa hiyo ndiyo inayohitajika kukagua kama muamala mpya ni halali. Faharasa ya kutafuta muamala wowote kwa heshi yake (alama ya kipekee inayokokotolewa kutoka data yake), wanayoiita txindex, imezimwa mpaka uiwashe mwenyewe. Faharasa ya anwani haimo kabisa. Anayeitaka huweka programu nyingine pembeni, kama electrs au Fulcrum, isome bloku zote na kuandika daftari la pili.

Ethereum, iliyoanza Julai 2015, ina ukarimu kidogo. Nodi yake, yaani kompyuta inayotunza na kukagua daftari hilo, itakwambia salio la anwani kwa sasa, na itakupa muamala ukiwa na heshi yake. Lakini ukiiambia "nipe miamala yote ya anwani hii", katika maswali yake ya kawaida hakuna hilo. Tovuti ya Etherscan hukuonyesha orodha hiyo kwa sababu wao wamekesha wakiandika daftari la pili, nawe unadhani umetazama blokucheni. Mimi nauona uamuzi huo kuwa wa busara. Nodi zipo ili yeyote aweze kukagua kwamba hakuna aliyedanganya. Zingebebeshwa pia faharasa za kila mwenye swali duniani, pamoja na mimi na wewe, nani angeweza kuendesha nodi nyumbani?

Kwa hiyo daftari la pili ni juu yako. Na umbo la daftari hilo linatoka kwenye swali utakaloulizwa, wala halitoki kwenye wingi wa data uliyovuta. Hapo ndipo ulipojikwaa: ulivuta kwanza, swali ukaliwaza baadaye.

Tuingie kwenye zile dakika tatu. Umehifadhi anwani na heshi kama maandishi. Anwani ya Ethereum kwa maandishi ni herufi 42, nawe una mbili kwa kila mstari; heshi ni herufi 66, nawe unazo mbili, ya muamala na ya bloku. Hizo tu ni baiti 216. Ongeza kiasi, namba ya bloku, wakati, na gharama ambayo PostgreSQL yenyewe huiweka mbele ya kila mstari, unafika karibu baiti 300. Zidisha kwa milioni 60: gigabaiti 18. Umesema kompyuta yako ni ya zamani yenye diski ya kuzunguka. Diski ya aina hiyo ikisoma megabaiti 100 kwa sekunde inajitahidi. Gigabaiti 18 kwa mwendo huo ni sekunde 180. Hizo hapo dakika zako tatu. Kompyuta haijachoka, inasoma daftari zima kila unapouliza, kama mjomba.

Lakini faharasa si uliiweka? Uliiweka, na PostgreSQL haiitumii. Tazama swali lako:

SELECT sum(kiasi) FROM uhamisho WHERE lower(mpokeaji) = '0x…';

Najua kilichokupeleka kwenye lower, ile amri ya kugeuza herufi zote kuwa ndogo. Anwani kwenye jedwali zina herufi kubwa na ndogo zimechanganyika, na ukinakili anwani kutoka kwa mgeni zinakuja ndogo zote, basi hazilingani. Kuchanganyika huko si uchafu. Tangu 2016 kuna utaratibu unaoitwa EIP-55 ambapo herufi gani iwe kubwa na gani ndogo inatokana na heshi ya anwani yenyewe, ili ukikosea herufi moja pochi igundue. Maktaba ya web3.py uliyoitumia hurudisha anwani kwa mtindo huo. Sawa. Ila faharasa yako umeijenga juu ya mpokeaji, na unachouliza ni lower ya mpokeaji. Kwa PostgreSQL hivyo ni vitu viwili. Daftari dogo limepangwa kwa majina, nawe unauliza kwa lakabu; karani anarudi kwenye daftari kubwa.

Ukitaka kuliona kwa macho, tanguliza maneno EXPLAIN ANALYZE mbele ya swali lako. Utaona imeandikwa Seq Scan, maana yake imepita mstari kwa mstari. Dawa ya haraka ni hii:

CREATE INDEX ON uhamisho (lower(mpokeaji), namba_bloku);

Iache ijengwe usiku, itachukua muda. Asubuhi yake swali lilelile litateremka kwenye mti wa kurasa: faharasa ya aina hii kwa mistari milioni 60 huwa na kina cha kurasa nne au tano, kila ukurasa kilobaiti 8. Badala ya gigabaiti 18 inasoma kurasa hizo chache, halafu mistari ya nyumba yako tu. Utajibiwa kabla hujainua kikombe.

Angalia mpangilio wa safu ndani ya mabano: anwani imetangulia, namba ya bloku imefuata. Ukigeuza ukaanza na namba ya bloku, umepata daftari lililopangwa kwa tarehe na ndani ya kila tarehe majina. Kwa swali la "nyumba hii, mwezi huu" litasaidia kidogo; kwa "nyumba hii tangu mwanzo" halikufai kitu. Nimewahi kukuta vijana wameweka faharasa saba juu ya jedwali moja, kila safu ya kwake, wakidhani wamejikinga na kila swali. Kila faharasa inakula diski, na kila mstari unaoingia unapaswa kuandikwa humo mote. Tena anwani hizi ni kama takataka za herufi, hazina mfuatano. Kila mpya inaangukia ukurasa tofauti wa faharasa. Kwenye diski ya kuzunguka hilo ni adhabu. Ndiyo maana ukiwa unapakia data nyingi kwa mkupuo, pakia kwanza, faharasa ijengwe mwisho.

Dawa iliyo bora zaidi, na ningekuwa wewe ndiyo ningeifanya kesho, ni kuachana na hiyo milioni 60.

Una nyumba tatu, anwani tatu, labda sita ukihesabu za zamani. Mkataba mahiri wa USDT, yaani programu inayoishi ndani ya blokucheni, kila unapohamisha pesa hutoa logi (kumbukumbu) ya tukio linaloitwa Transfer. Logi hiyo ina mada kadhaa, yaani sehemu za kutafutia. Ya kwanza ni heshi ya jina la tukio na aina za vigezo vyake, nayo ni ileile kwa tokeni (sarafu zinazoendeshwa na mikataba) zote za mtindo wa ERC-20, kanuni ya pamoja ya sarafu hizo:

0xddf252ad1be2c89b69c2b068fc378daa952ba7f163c4a11628f55a4df523b3ef

Ya pili ni mtumaji, ya tatu ni mpokeaji. Kiasi kiko kando, si mada. Nodi inakubali kuchuja kwa mada hizi kupitia ombi la eth_getLogs: unaipa anwani ya mkataba wa USDT, mada ya kwanza hiyo hapo juu, ya pili unaiacha null (tupu), na ya tatu unaweka orodha ya anwani zako zote kwa pamoja. Ndani ya orodha maana yake ni "au". Kati ya nafasi na nafasi maana yake ni "na". Kwa hiyo huwezi kuuliza yaliyoingia na yaliyotoka kwa ombi moja: ukiweka anwani zako nafasi ya pili na ya tatu, utapata uhamisho kati ya nyumba zako zenyewe tu. Maombi ni mawili. Na kuna mtego uliowapotezea wengi jioni nzima: mada ni ya baiti 32, anwani ni ya baiti 20, basi baada ya 0x lazima utangulize sufuri 24 ndipo anwani ifuate. Ukisahau, nodi nyingine zitakukemea na nyingine zitakurudishia orodha tupu kwa adabu kabisa, nawe utaamini hakuna aliyelipa.

Hesabu ya kazi yenyewe ni ndogo. Wauzaji wa huduma za nodi huweka kikomo cha bloku kwa kila ombi. Tuseme wako anaruhusu bloku 10,000. Ethereum sasa inatoa bloku kila sekunde 12, hivyo bloku 10,000 ni saa 33 na dakika 20. Mwaka mzima ni bloku kama 2,628,000, yaani maombi 263. Mara mbili, kwa kuingia na kutoka, maombi 526. Hata kwa intaneti ya huko ikiwa imeamka vibaya, unaanza baada ya alasiri na kabla ya magharibi umemaliza. Utabaki na jedwali la mistari mia kadhaa. Kwa jedwali la ukubwa huo hata faharasa huihitaji. PostgreSQL italisoma lote kuliko kuhangaika na daftari dogo, na itakuwa imefanya sawa.

(Utasikia watu wakitaja kichujio cha Bloom, ile alama ya biti 2048 iliyo kwenye kichwa cha kila bloku, inayoiwezesha nodi kusema "hapa hakika hayumo" bila kufungua bloku. Ni ufundi mzuri, lakini bloku za siku hizi zimejaa logi mpaka biti nyingi zimewashwa, na nodi inayokitegemea hufungua bloku nyingi bure. Ndiyo sababu moja ya wauzaji kukuwekea kikomo.)

Sasa jumla zisizolingana. Hili ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu, kwa sababu uzembe wa kasi unakuchosha tu, lakini huu unakufanya umwambie tajiri wako uongo bila kujua.

Ufunguo wa msingi wa jedwali lako ni heshi ya muamala pamoja na namba ya bloku, na skripti yako ikikuta ufunguo uliokwishaandikwa inaruka kimyakimya. Fikiria wakala wa safari ana wageni katika nyumba zote tatu. Hatumi mara tatu. Anatumia mkataba mahiri unaogawa malipo, muamala mmoja, ndani yake uhamisho mara tatu. Heshi moja, bloku moja, logi tatu. Skripti ikaandika ya kwanza, ya pili ikaona ufunguo upo, ikaruka. Ya tatu vilevile. Nyumba mbili zimepungua. Si ndivyo ulivyoniambia?

Kinachotofautisha logi na logi ndani ya bloku ni namba yake ya mfuatano, inayokuja kwenye jibu la nodi kwa jina logIndex. Ufunguo sahihi ni heshi ya bloku pamoja na hiyo namba ya logi. Ukiuweka, unaweza hata kuendesha skripti mara kumi kwa kipindi kilekile na hakuna kitakachorudiwa wala kupotea.

Nimesema heshi ya bloku, sikusema namba ya bloku, na hapo tunaingia kwenye malipo yako yaliyoonekana mara mbili. Bloku mpya kabisa bado ni mbichi. Hutokea bloku mbili zikagombea nafasi moja, mtandao ukakubali moja na kuiacha nyingine. Muamala wa mgeni wako ulikuwamo kwenye iliyoachwa. Skripti yako ikauona, ikauandika. Kisha muamala uleule ukaingizwa kwenye bloku inayofuata. Heshi ileile, namba ya bloku tofauti, na kwa ufunguo wako hiyo ni mistari miwili halali. Nyumba ya tatu imezidi. Mgeni ameapa kweli.

Wanaojenga mifumo mikubwa huhifadhi heshi ya kila bloku, na bloku mpya ikija hulinganisha heshi ya mzazi wake na ile ya mwisho waliyoiandika. Zisipolingana wanarudi nyuma, wanafuta, wanaandika upya. Wewe huna haja ya hayo. Tangu Septemba 2022, Ethereum ilipoacha uchimbaji, bloku hupitishwa kabisa baada ya vipindi viwili, kila kimoja cha nafasi 32 za sekunde 12. Hiyo ni sekunde 768, karibu dakika 13. Nodi itakupa namba ya bloku ya mwisho iliyokwisha kupitishwa ukiiuliza kwa neno finalized badala ya latest. Ishia hapo. Usiandike chochote kilicho juu yake. Mgeni anayengoja ufunguo wa chumba barazani hadhuriki kwa dakika 13, mletee dafu. Kwa Bitcoin hakuna hukumu ya namna hiyo. Desturi ya wafanyabiashara ni kungoja bloku sita, kama saa nzima.

Na kwa kuwa umeme wenu nao una tabia zake: namba ya bloku ya mwisho uliyoifikia iandike kwenye jedwali dogo, ndani ya BEGIN na COMMIT ileile inayoandika mistari. Umeme ukikatika katikati, ama vyote viwili vimeingia ama hakuna kilichoingia.

Kuna chanzo kingine cha tofauti, nacho ni etha. Mkataba wa USDT hutoa logi. Etha ikihamishwa haitoi. Jedwali lako lote limejengwa kwa logi, basi wageni waliolipa kwa etha hawamo, ilhali pochi inakujumlishia vyote kwa dola. Utasema utasoma miamala yenyewe badala ya logi. Utapata mingi, si yote. Etha ikitoka ndani ya mkataba mahiri, kama baadhi ya masoko ya sarafu wanavyowalipa wateja wao, anwani yako haitajwi kama mpokeaji wa muamala. Imo tumboni, kwenye wito wa ndani. Kuiona kunahitaji nodi inayokubali kufuatilia hatua za muamala, kwa debug_traceTransaction na jamaa zake, na huduma hiyo huwa ya bei. Ushauri wangu kwa nyumba tatu: etha ichukue kutoka kwa Etherscan, ambao wana orodha ya miamala ya ndani kwa kila anwani, na ukague salio kwa nodi.

Vipimo navyo. Mjomba akiandika 5, ni boriti tano au korija tano? Tano au mia? USDT ya Ethereum ina desimali 6, kwa hiyo dola 250 kwenye logi ni 250000000. Etha ina desimali 18. Ile ambayo watu wanaiita USDT kwenye mtandao wa BNB nayo ina 18, si 6. Ukiileta nyumbani ukaigawa kwa milioni, tajiri atanunua kisiwa cha Manda kwa siku moja. Safu yako ya kiasi ni ya aina ya double precision, inayokadiria namba zikiwa kubwa. Ibadilishe iwe numeric, na uhifadhi namba nzima kama ilivyotoka; kugawa ufanye wakati wa kuonyesha. Kwa USDT pengine hujaona madhara. Kwa etha, double huhesabu namba nzima bila kukosea hadi 9007199254740991 tu, na etha 0.01 kwa kipimo chake kidogo ni 10000000000000000. Umeshapita.

Jambo moja la wizi, kwa sababu litakutokea ukianza kuvuta yaliyotoka. Utaona mistari inayosema anwani yako imetuma USDT sufuri kwa mtu usiyemjua. Hujaibiwa. Mkataba unamruhusu yeyote kuamrisha uhamisho wa sufuri kwa jina lako, na matapeli hutengeneza anwani inayofanana na ya mteja wako mwanzoni na mwishoni, ili siku moja uinakili kutoka kwenye historia ukidhani ni yake. Chuja kiasi cha sufuri, na anwani usiinakili kwenye historia hata mara moja. Vivyo hivyo tokeni usizitambue kwa jina. Mtu yeyote anaweza kutengeneza tokeni akaiita USDT. Kinachoitambulisha ni anwani ya mkataba. Na mgeni akikuonyesha picha ya muamala wenye heshi, fungua risiti yake uone hali: 1 umefaulu, 0 umeshindwa. Muamala ulioshindwa nao huandikwa kwenye bloku na hulipiwa ada, ila pesa haikutembea.

Umeniuliza pembeni juu ya mtandao wa Tron, kwa kuwa mawakala wengine wanaipendelea kwa ada. Kanuni ni zilezile, bloku ni kila sekunde 3, na USDT yake ina desimali 6. Kitakachokuchanganya ni anwani: unayoiona inaanza kwa T, lakini ikiandikwa kwa heksa (namba za msingi wa 16) inaanza na 41, na ndani ya logi hiyo 41 huondolewa. Chagua umbo moja la kuhifadhi, mengine yote yabadilishe yanapoingia mlangoni.

Kuhusu huduma kubwa za data ulizozitaja pia pembeni: BigQuery ya Google imeweka data ya Bitcoin na Ethereum wazi tangu 2018, na Dune inakuruhusu kuuliza kwa SQL bila kuvuta chochote. Nzuri kwa kudadisi. The Graph inafaa ukijenga programu ambayo wengine wataiuliza. Hesabu za nyumba za wageni hazihitaji lolote kati ya hayo, na BigQuery inatoza kwa ukubwa wa data inayosomwa. Ukiandika swali bila kuweka kikomo cha tarehe, umerudi kwenye daftari zima, safari hii kwa kulipa.

Ukishajenga jedwali jipya, funga hesabu kila usiku hivi: kwa kila anwani, jumla ya yaliyoingia toa yaliyotoka mpaka bloku iliyopitishwa. Kisha iulize nodi balanceOf (salio) ya anwani hiyo kwenye mkataba wa USDT, kwa bloku ileile. Namba hizo mbili lazima zifanane mpaka tarakimu ya mwisho. Usiliahirishe hilo kwa wiki, maana nodi ya kawaida huhifadhi hali ya bloku 128 za mwisho tu. Ukitaka ya nyuma utahitaji nodi ya kumbukumbu zote, na wauzaji wengi huitoza zaidi.

Ile milioni 60 usiifute bado. Vuta upya kwa anwani zako, linganisha miezi iliyopita na ulichokwisha kumwambia tajiri, na palipo na tofauti andika heshi ya muamala pembeni ili uwe na cha kumwonyesha. Nadhani utakuta malipo ya wakala mmoja au wawili ndiyo yanayojirudia. Kisha DROP TABLE, diski ipumue.